Mguu wa Pikipiki Yako Nimeukata

Soilihi, mrefu usiye na faida,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwapo walipokufunika. Na yangu usiniulize wewe, maana ungekuwa na haja nayo usingeondoka. Nadhani hata malaika wa maswali umeshawachosha: wamekuuliza moja, nawe ukaanza kuwasimulia habari za boila ya kiwanda cha sukari tangu siku ilipoletwa.

Naandika kwa Kiswahili cha bibi zetu na kwa herufi za chuoni, zile tulizochapiwa bakora kule Mahajanga, mtaa wa Antanimasaja, kabla hatujatoroka kuja kisiwani Nosy Be kutafuta kazi ya miwa. Nikikosea herufi, lawama ni za mwalimu. Hapa Dzamandzar wenyeji wana Kisakalava chao, wakubwa wana Kifaransa chao, wazee wa Kingazija wanasema chao kwenye baraza ya msikiti. Kiswahili kilibaki kwetu sisi wawili, tena kwa matusi na bei ya samaki tu. Sasa kiko kwangu peke yangu. Lugha ya mtu mmoja, Soilihi, ni kama kikohozi. Inatoka, na hakuna anayejibu.

Nina habari ya pikipiki yako. Kaa vizuri, kama huko mnakaa.

Siku ya maziko, jeneza lilipotoka mlangoni, nilifanya lililonipasa. Babu zako na babu zangu walifungiana utani, ziva kama wanavyosema wenyeji, na mtani hana ruhusa ya kulia kama watu wengine. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa ukutani kwa mguu wake wa chuma, kama ulivyoiacha. Nikaipanda. Nikapaza sauti: "Huyu mrefu amekufa bila kuniaga! Mali yake naichukua! Anayeitaka alete jogoo!" Miguu yangu ilikuwa ikining'inia hewani kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Wewe ungeanguka kwa kicheko. Ungelitoka kwenye sanda!

Wakainamisha vichwa, Soilihi. Bibi kizee mmoja wa Kisakalava akacheka, akaona yuko peke yake, akajifunika mdomo kwa lamba, shuka yake ya begani. Nikamtazama mwanao Hamada. Nilikuwa nikimngoja. Zamu ilikuwa yake sasa: aniite mwizi, anishike kanzu, aseme kuwa mama yangu alinizaa kwa makosa. Akanikaribia, akaniinamia kidogo, akanijibu kwa Kifaransa, tena kwa adabu, kwamba hakuna neno, mzee abaki nayo.

Adabu! Kwa mtani wa baba yake!

Nilishuka kwa shida, maana ardhi ilikuwa mbali, nikaifuata maiti yako nyuma kabisa pamoja na watu nisiowajua.

Wajua nilichokuwa nikikitaka. Nilikitaka kile ulichonipa wewe nilipomzika Zaina. Nilirudi makaburini, udongo ungali kwenye kucha, sitaki maji wala dua, nataka kulala tu pale sakafuni nisiamke. Ukaingia jikoni kwangu, ukachukua sufuria lake kubwa la pilau, ukalivaa kichwani mpaka kwenye mabega, ukatoka nalo ukijigonga kwenye miimo ya mlango. "Mke kafa, sufuria langu!" Sauti yako ilivyokuwa ikivuma humo ndani! Nikakufukuza mpaka kiwandani. Nilikuwa mgane wa siku ile ile, nami nakimbia barabarani nikikutukana, na watu wanashangilia. Kesho yake nikaja kwako kulikomboa kwa jogoo mwembamba, ukamkataa, tukagombana, mkeo Mariama akamchinja huku akituita wendawazimu wote wawili. Tukamla. Nilikula, Soilihi. Nilikuwa sijala tangu Zaina alipolala kitandani. Ndivyo ulivyonitoa.

Nami nilitaka kumtoa mwanao. Akabaki nje na adabu zake, na mimi nikabaki na chuma.

Basi nikasema, bado ni kijana, amesoma sana, akili itamrudia. Amerudi Mahajanga kwenye kazi yake ya forodha pamoja na mama yake, lakini siku moja atakumbuka, atakuja kuikomboa. Kazi yangu ni kuitunza. Na pikipiki haitunzwi kwa kuiangalia, sharti itembee. Sasa niambie, mtu wa kimo changu ataitembezaje pikipiki uliyoinunua wewe, dubwana, kwa yule msimamizi wa kutoka kisiwa cha Reunioni aliyekuwa mrefu kuliko hata wewe? Nikisimama, kidole kimoja cha mguu ndicho kinachogusa chini, tena kwa kuomba. Kwenye njia ya Andilana niliangukia ndani ya miwa, wakata miwa wakanitoa kama wanavyotoa nguruwe mwitu.

Nikaishusha. Usianze kunitukana, ngoja kwanza. Mbele nililegeza vibano nikazipandisha juu zile bomba mbili zinazoshika gurudumu, nikakaza tena. Nyuma nilitoa springi zako nikatia fupi, nilizoziokota kwenye vyuma chakavu vya vigari vya miwa. Springi zako nimezipaka grisi, nimezifunga kwenye gunia, ziko chini ya kitanda changu. Kila kitu kinarudi mahali pake kwa spana moja. Hamada akija na jogoo, ataikuta pikipiki ya baba yake kama ilivyokuwa. Nilipanga hivyo.

Ila nilisahau mguu. Ule mguu wa chuma wa ubavuni, wa kuegeshea. Pikipiki imeshuka, mguu umebaki na urefu ule ule. Nikiuteremsha, unagusa ardhi kabla pikipiki haijalala upande, basi inasimama wima, kifua mbele, kama askari anayemngoja Gavana. Mbuzi akipiga chafya, inaanguka upande wa pili. Imeangukia uzio wa msikiti. Imeangukia viatu vya waumini. Mbele ya lango la kiwanda ilimwangukia yule mama wa vitumbua, si yeye mwenyewe, ungo wake, naye akanisimamia mikono kiunoni: "Baba Bakari, huyu mnyama wako anakunywa? Ramu ya kiwanda imempata?" Watu wakacheka sana. Nami nikageuka upande wako nikuone ukicheka. Nikakuta ukuta.

Nikajifunza mbinu. Nikawa natembea na kibao nimekifunga nyuma. Nikifika mahali nalaza kibao, napandisha magurudumu juu yake, mguu unabaki chini, basi inalala upande kidogo kama pikipiki za watu. Pasipo na nafasi ya kibao nachimba kishimo cha mguu kwa kisigino. Pale mlangoni kwako kuna kishimo changu mpaka leo, nyumba imepangwa na watu wengine na mtoto wao anakojolea humo.

Kila mtu akanipa shauri lile lile. Kata mguu, mzee! Hata mwalimu wa msikiti, alipochoka kuvitoa viatu vyake chini ya pikipiki, alinishika bega: "Bakari, mkate mguu huo, tuswali kwa amani." Nikawa nacheka nakataa. Sikumwambia mtu sababu. Wewe nitakuambia: bomba zinarudi, springi zinarudi, chuma kilichokatwa hakirudi. Mtoto aje kuikomboa mali ya baba yake kwa jogoo, halafu nimpe kitu kilichopunguzwa? Na tena, nikiukata mguu nitakuwa nimesema kwa mkono wangu kwamba hakuna anayekuja.

Nikatuma ujumbe Mahajanga kwa karani wa meli. Nilimkaririsha neno kwa neno: "Mwambie mtoto wa mnazi kwamba mwizi wa baba yake bado anayo mali, na kwamba jogoo asiwe na kifua kikuu kama yule niliyemtoa mimi." Karani aliona haya, lakini aliufikisha. Nikangoja. Siku za meli nilikuwa nashuka bandarini Hell-Ville mapema, nimevaa kanzu safi, matusi yamejaa mdomoni tayari.

Jibu likaja kwa mdomo wa karani huyo huyo, naye alinipa akitazama kofia yake. "Hamada anakusalimu sana, mzee wangu. Anasema pikipiki ni yako, usijisumbue kwa lolote. Anakuombea afya." Nikamwuliza, na Mariama? Akasema mama naye anamsalimu Bwana Bakari.

Bwana Bakari. Yule mwanamke aliniita mwizi kwa muda wote ulioishi naye. Kuku wakipotea, mwizi Bakari. Mvua isiponyesha, mwizi Bakari ameificha. Sasa mimi Bwana. Nikakaa pale gatini mpaka mizigo yote ikashushwa. Simlaumu kijana. Alilelewa na shule ya Kifaransa, ameona mzee amechanganyikiwa kwa msiba, amekuwa mwema. Wema wake umenimaliza. Mtu akikutukana ujue kuna kamba kati yenu. Mwanao ameifungua kwa mikono miwili, taratibu, asiniumize.

Basi nikaipeleka kwa Velo, mchomeleaji wa karakana ya kiwanda. Unamkumbuka, yule uliyekuwa ukimwita Jicho Moja ingawa anayo yote mawili. Akaniambia niishike usukani niilaze kiasi nitakacho, yeye aweke alama. Nikailaza. Akasema, zaidi? Nikasema zaidi. Nilikuwa naitafuta ile namna yako ya kuegemea ukuta wa duka la Mhindi, bega moja, mguu mmoja umevuka mwingine, ukiwaangalia wapita njia uwapatie majina. Nikaipata. Nikasema hapo.

Akachora chaki. Akaniuliza, "Baba, nikate? Sitaweza kukuongezea." Nikasema kata. Msumeno ukaanza. Akasimama katikati akaniambia nigeuze uso, moto wa kuchomelea unaliza macho. Nikageuza. Moto wenyewe alikuwa hajauwasha.

Alikitoa kipande, urefu wa kidole cha kati, akaunga upya kikanyagio cha ncha ya mguu, akakipinda kidogo kikae bapa ardhini. Kazi safi. Niliiegesha mbele ya lango la kiwanda, bila kibao, bila kishimo. Mama wa vitumbua akauzunguka ungo wake akaitazama, akasema, "Alhamdulillahi, amepona ulevi." Imesimama vizuri, Soilihi. Imelala upande wa kushoto, imetulia, haihitaji mtu. Sijapata kukichukia kitu kama nilivyoichukia siku ile.

Kile kipande cha chuma nilikileta kwako. Nimekifukia upande wa miguu yako, ndani kidogo, mwalimu asione. Mrefu mzima, nimekuongezea urefu wa kidole. Sasa hata akhera hutaenea kitandani.

Nilingoja uniambie kitu. Palikuwa na upepo wa miwa tu na honi ya kiwanda.

Buriani, mwizi. Mali ni yangu sasa, hakuna wa kuikomboa, nami sina raha nayo hata chembe. Nakuahidi hivi: kila Ijumaa baada ya swala nitakuja na hii pikipiki nitakutukana kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, nikianzia kwa babu yako, mpaka pumzi ziniishie. Watasema Bakari amepata wazimu, na waseme. Najua hutanijibu. Nitanyamaza kila nikimaliza tusi moja, nikupe nafasi yako, kisha nitaendelea na lingine.

Mtani wako,
Bakari