Mashine ya Mzee Nestori

Alhamisi, baada ya magharibi

Mkono bado unawaka. Nimeupaka asali, lakini kinachoniunguza zaidi si ule mvuke.

Mashine ya kahawa ya hapa gesti ina mtu mmoja tu anayeielewa: Mzee Nestori, mkimbizi, aliyejifunza kazi hiyo hotelini Bujumbura. Kila Alhamisi alikuwa anatoka kambini, anakuja huku Bangwe, anaifungua, anapitisha maji ya ndimu kuondoa chokaa inayoachwa na maji ya ziwa, anakagua mpira unaozuia mvuke usitoke. "Mwanangu," huniambia, "usiilazimishe. Ikilia, izime."

Hii ni wiki ya tatu haji. Dereva wa gari la mboga ameniletea salamu zake: amenyimwa kibali cha kutoka kambini. Hata sababu hakuambiwa.

Leo mashine ikalia. Sikuizima, maana bwana mkubwa alikuwa mezani na wageni wake, na bosi ananikodolea macho. Mpira ukaachia, mvuke ukanipiga kifundo cha mkono.

Bwana mkubwa akaja hadi kaunta. Ndiye anayesaini vile vibali, mji mzima unamjua. Akaitazama mashine, akacheka.

"Yaani hapa hakuna mtu wa kuitengeneza?"

Yupo! Yupo kambini, anasubiri kalamu yako! Hayo nayaandika sasa, hapa, ambapo hanisikii.

Pale kaunta nilisema, "Samahani, mzee." Kisha nikamtilia chai, na tangawizi nikamwongezea bila hata kuombwa.