Kitabu Kilichokwama Kibwezi

Kitui, 5 Septemba 1981

Dada Kalondu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, natumaini nanyi ni wazima na mbuzi wanapata maji. Anayekusomea barua hii asome polepole, kwa sababu nimekasirika.

Nzilani ameniambia kitabu cha maktaba alichokuja nacho huko likizoni mwezi wa nne kiko kwako, na umekataa kumrudishia. Dada, mimi ndiye mkutubi wa chuo hiki! Kila mwanafunzi ana kadi nne. Akichukua kitabu anatuachia kadi moja, na anakaa nacho siku kumi na nne, humu humu chuoni. Hiki kina miezi mitano. Nimeagizwa nimnyang'anye kadi zote, na nisipotia sahihi fomu yake, hafanyi mtihani wa mwisho wa ualimu. Wenzangu wananicheka, eti mpwa wa mkutubi ndiye anayeficha vitabu. Na wewe hata kusoma hujui. Unakifanyia nini? Kirudishe.

Ndugu yako,
Mulei

Kibwezi, 22 Septemba 1981

Mulei,

Hujambo? Mimi sijambo, ni miguu tu inaniuma. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Hii nayo nimeiandika siku tatu. Tangu mwaka juzi naenda ngumbaru hapa kanisani, kwa mwalimu Muthoki, lakini wewe hujawahi kuniuliza.

Kitabu cha ngumbaru kinafundisha kuchimba choo na kuchemsha maji. Nimekimaliza mara tatu. Hiki cha Nzilani kina mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Nimefika ukurasa wa sitini na moja. Nasoma nusu ukurasa kwa siku, maana kuna ng'ombe na kuna kuni. Nikimaliza nitakirudisha.

Umeniambia sheria zako, sasa sikia yangu. Baba alisema mmoja wetu aende shule, mwingine achunge. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nani alienda? Leo una nyumba nzima ya vitabu na unanisumbua kwa kimoja.

Dada yako,
Kalondu

Kitui, 1 Oktoba 1981

Dada,

Pole na miguu. Habari ya ngumbaru sikuijua, na hilo ni kosa langu. Lakini hasira ni yako na mimi, na anayeumia ni Nzilani. Fomu zinafungwa tarehe ishirini na sita. Nikitia sahihi ya uongo nafutwa kazi. Kukupa kadi siwezi, ni za wanafunzi na walimu peke yao.

Ili usihangaike, acha nikumalizie hadithi. Mjane anaenda kortini, mzee mmoja wa ukoo anamtolea ushahidi, na shamba linarudi. Basi, hakuna kingine humo. Desemba nitakuja nikusomee chochote unachotaka.

Ndugu yako,
Mulei

Kibwezi, 20 Oktoba 1981

Mulei,

Kitabu anacho Kilonzo mwenye duka, anakuja Kitui kesho. Nimekifunga kwa leso yangu. Nimemrudishia Nzilani afanye mtihani wake, sikukurudishia wewe.

Nilipofika pale ulipoandika mwisho wa hadithi, niliitupa barua chini. Nani alikuomba? Nilikuwa nimemwacha yule mama nje ya korti, hajui ataambiwa nini, na mimi sijui. Nilitaka tujue pamoja.

Nitakuambia kwa nini nimekasirika hivi. Marehemu mume wangu alipokuwa kazini Mombasa, barua zake zote ulinisomea wewe. Ulikuwa unakaa kwangu ukisoma shule. Mwezi jana nilizitoa sandukuni nikazisoma mwenyewe. Ameandika kwamba amepata nyumba, nimfuate na mtoto. Ameandika hivyo mara tatu, Mulei. Wewe ulinisomea salamu na habari za kazi. Ulijua nikienda hakuna wa kukupikia.

Alikufa huko akiamini nilikataa kwenda.

Desemba usije kunisomea kitu.

Mama Nzilani