Chanjo Isiyo na Simulizi

Alhamisi

Siamini kwamba Rehema amechanjwa dhidi ya korona. Mdogo wangu huyu hajapata kukaa karibu na mtu bila kumhoji kwao ni wapi. Akitoka kununua sato soko la samaki la Mwaloni, hurudi na ukoo mzima wa muuzaji. Leo, ati, ametoka zahanati ya Kirumba.

"Muuguzi ni mtu wa wapi?" nikamwuliza.

"Sikumwuliza."

Sihitaji ushahidi mzito kuliko huo.

"Kaka, siku hizi umekuwa polisi?" akacheka.

"Una kisukari, Rehema. Mama naye alikuwa nacho, na korona haikumwacha."

Akakoroga kwa muda mrefu chai isiyo na sukari.

"Basi Jumatatu unisindikize."

Sikumwuliza kwa nini aliyekwisha kuchanjwa ahitaji kusindikizwa.