Punje Ishirini na Saba za Gendabi

Mwalimu Felista,

Punje zote za Gendabi ziliingia kopo la pili. Aliyenipa habari hiyo ni jirani yako Mama Tluway, anayetunza makopo tangu uondoke. Alinipigia simu Jumatatu asubuhi kabla sijanywa chai. Nilichukua pikipiki kutoka Katesh, nikafika, nikamwaga kopo mezani kwake na kuhesabu mwenyewe. Ishirini na saba. Kopo la kwanza lilikuwa tupu. La tatu lilikuwa na mende mmoja, amekufa.

Mama Tluway alikuwa anatabasamu. Alisema ungefurahi, kijiji kizima kimeelewana. Mimi sikutabasamu. Watu hao ishirini na saba nimeandika habari zao miaka mingi. Hawajawahi kukubaliana hata ng'ombe wapite upande gani wa shamba la shule. Wenye mahindi wanataka wapite juu, wenye ng'ombe wanataka wapite chini, na kila kikao kinaisha kwa mtu kuchukua fimbo yake na kuondoka. Leo wamekubaliana juu ya urais?

Nilishuku. Wewe ndiye uliyenifundisha kushuku, kule Mbulu, darasa la sita, uliponirudishia insha yangu na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: umejuaje?

Nitaueleza utaratibu wako hapa kana kwamba huujui. Nataka niupitie kipande kwa kipande nione ulitobokea wapi.

Unachukua ilani ya kila mgombea urais. Unaacha barabara, visima na zahanati, kwa sababu ulisema hizo kila mtu anaahidi. Unanakili sehemu moja tu, ya jinsi atakavyotawala: viongozi atawapataje, nani atawachunguza, nani ataweza kuwaondoa. Unaandika kwenye karatasi safi bila jina, bila chama, bila picha. Karatasi inasomwa mara mbili kwa sauti. Kila mtu anapewa punje moja ya mahindi, anaingia nyuma ya khanga iliyotundikwa darasani, anaidondosha kwenye kopo la mpango anaouamini. Halafu anarudi kukaa na kueleza sababu. Majina ya wagombea yanatajwa mwisho kabisa, watu wakiwa wameshasema.

Sehemu ya sababu ndiyo uliyoipenda. Punje bila sababu, ulisema, ni chakula cha kuku.

Na maswali yako matatu, uliyoyaandika ubaoni kila mara kwa mwandiko ule ule wa mwalimu wa darasa la kwanza. Nani atafanya? Tutajuaje kwamba amefanya? Asipofanya, tunamshika wapi?

Maswali hayo uliyatoa Jorodom, baada ya tope kushuka mlimani. Nilikuwepo. Ulisimama mahali ilipokuwa nyumba ya dada yako, umevaa mabuti ya kuazima, na kila mgeni aliyepita na ahadi ulimsikiliza hadi mwisho, ukamuuliza jina lake na mahali anapopatikana. Wengi walikuwa na haraka. Jioni uliniambia ahadi si mbaya, tatizo haina mkono wa kushikia.

Sasa turudi kwenye makopo.

Wa kwanza niliyemshuku ni Hassan. Ni yule bwana afya aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, uliyemchagua mwenyewe awe msomaji kwa sababu hana ukoo Hanang na hana shamba la kugombania. Nilijiuliza kama kuna mtu amemfikia. Jirani yake aliniambia gari jeupe lilisimama mlangoni kwake siku chache kabla ya kikao. Nilikwenda kumuuliza. Akanipeleka nyuma ya nyumba na kunionyesha jokofu la chanjo lililoletwa na gari hilo, likisubiri kupelekwa zahanati. Nikamwomba karatasi alizosoma. Nikazilinganisha na zako, neno kwa neno, nimekaa kwenye benchi lake na kalamu mkononi. Hakuna alichobadilisha, hata nukta.

"Kaka," aliniambia, "ukimaliza kunikagua kuna chapati."

Nilikula chapati. Bado nilimshuku. Mtu anaweza kuacha maneno yalivyo na akayasoma kwa sauti mbili tofauti. Alipokwenda kusoma Balangdalalu, Jumatano, nilimfuata nikakaa nyuma kabisa. Alisoma mipango yote mitatu kama anavyosoma maelekezo ya vidonge vya minyoo. Kule punje ziligawanyika: nyingi kopo la kwanza, baadhi la tatu, chache la pili. Watu walibishana mpaka wakasahau uji. Mama mmoja alimwambia mumewe mbele ya wote kwamba punje yake ameitupa. Ungefurahi kweli.

Msomaji alikuwa yule yule na karatasi zilikuwa zile zile. Hassan nikamwondoa kwenye orodha.

Nikamgeukia Mama Tluway, naye akajua. Alinikuta nimeyageuza makopo juu chini, naangalia kama yana alama. "Umekuja kunikagua mimi niliyekulea kwa maziwa mgando?" akauliza. Nilimwambia ndiyo. Akavuta kiti akakaa kunitazama nikifanya kazi, na kila nilipoweka kopo chini aliuliza kama nimemkamata. Makopo hayakuwa na kitu.

Alhamisi mambo yakaharibika. Ilikuwa siku ya mnada Katesh. Gari la matangazo la mmoja wa wagombea lilipita taratibu kati ya wauza vitunguu na wauza mitumba, na mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba hata Mwalimu Felista, mama wa elimu ya uraia wa wilaya hii, alikuwa pamoja nao, na kwamba Gendabi yote imethibitisha hivyo.

Alilisema jina lako mara tatu. Nimeandika saa na mahali.

Miaka yote hii hakuna mtu aliyejua kura yako. Binti yako hajui. Padri hajui. Ulikataa kofia, ulikataa khanga, na msimu wa kampeni ulikataa hata kupanda lifti kwenye gari lenye bendera, ukatembea na goti lako lile bovu. Umekaa kaburini wiki tano tu, na tayari wamekuvalisha.

Nilimfuata mtangazaji alipokwenda kula. Nilimuuliza amepata wapi habari hizo. Akasema Gendabi kila mtu anajua. Nikamwambia si kweli. Akafuta mdomo akaniuliza kama nina ushahidi kwamba si kweli.

Sikumjibu. Nitakuambia kwa nini.

Siku hiyo hiyo mhariri wangu alipiga simu mara mbili. Alitaka habari fupi: kijiji chaungana nyuma ya mpango mmoja. Nilimwambia sijui bado kwa nini kimeungana. Akasema kwa nini si swali la habari fupi. Nikamwomba anipe mpaka wiki ijayo, na nikaenda Jorodom, ambako Hassan alikuwa amesoma Jumanne. Kule makopo anayatunza katekista. Kopo la pili lilikuwa limejaa, na mengine mawili yalikuwa na punje moja moja.

Kwa hiyo Gendabi na Jorodom wanafanana, Balangdalalu hawafanani nao. Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa na daftari langu nikajiuliza Gendabi na Jorodom wana nini ambacho Balangdalalu hawana. Redio ni ile ile. Magari ya kampeni ni yale yale. Sikuona.

Aliyeniambia ni Mzee Gidamis. Unamkumbuka, yule mfugaji uliyemsomeshea watoto wake wanne na kugombana naye juu ya wote wanne. Nilimkuta asubuhi ya Ijumaa bomani kwake anatenga ndama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniacha niulize maswali yangu marefu yote: nani alikuja kabla ya kikao, nani alisema nini, nani aligawa chochote. Alipomaliza na ndama wa mwisho akaegemea fimbo.

"Mwandishi, unamtafuta nani?"

Nilimwambia namtafuta aliyewaambia watu mpango upi ni wa kuchagua.

"Ni wewe," alisema.

Nilidhani ananitania. Ni mtani mkubwa. Lakini hakucheka.

"Siku ya maziko nilisimama karibu na kaburi. Wewe ndiye uliyesoma habari za maisha yake. Ulisema Mwalimu alitaka mkubwa yeyote anayeteuliwa asimame mbele ya wananchi, ajibu kwa jina lake mwenyewe. Sasa yule bwana afya akasoma karatasi ya pili, nikasikia maneno hayo hayo. Nikajua hii ni ya Mwalimu. Ningeweka wapi punje yangu?"

Nikamuuliza kama wengine pia walisikia. Akasema aliyemtangulia na aliyemfuata, na hata mke wake, ambaye miaka arobaini hawajawahi kuweka kitu kwenye chombo kimoja. Nikamuuliza alitoa sababu gani aliporudi kukaa. Akasema alisema mpango ni mzuri. Wote walisema mpango ni mzuri.

Kikao cha Gendabi kiliisha mapema siku hiyo. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, nami sikulitazama.

Mazikoni walikuja watu wa Gendabi kwa sababu ni kwako, na wa Jorodom kwa sababu ya yale mabuti. Balangdalalu walikuwa na msiba wao siku hiyo hiyo. Hawakusikia wasifu.

Mstari ule niliuandika mimi, Mwalimu. Wasifu ulikuwa umekamilika: ulizaliwa wapi, ulisoma wapi, ulifundisha shule zipi, umeacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Kila kitu kilikuwa na mtu wa kukithibitisha. Halafu nikiwa nimesimama pale uani, jeneza likiwa bado ndani, niliona karatasi imekauka sana. Niliona ni orodha ya vituo vya kazi. Nikaweka daftari juu ya tangi la pikipiki nikaongeza mstari mmoja. Kazi yangu yote ni kufuta mistari ya namna hiyo kwenye habari za watu wengine.

Na mstari wenyewe uliniambia wewe, kitandani, binti yako akiwa ametoka kuchemsha maji. Ulikuwa umemaliza kunakili karatasi ya tatu. Ulisema: "Ningekuwa na punje ningeitia la pili, kwa sababu ya hilo la kusimama na kujibu. Lakini lina tundu. Usimwambie mtu, maana wakijua ni langu hawataliona tundu."

Niliandika nusu ya kwanza. Nusu ya pili niliiacha, kwa sababu wasifu hautaji mashaka ya marehemu. Nilikuwa nalia, kama unataka sababu. Haitoshi. Ungeiandikia pembeni kwa wino mwekundu.

Ndiyo maana sikumjibu yule mtangazaji. Alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo niliigawa mimi, kwa sauti, mbele ya kaburi lako.

Tundu nimelitafuta jana Jumapili mchana kutwa. Nadhani nimeliona. Mpango wa pili unasema kila aliyeteuliwa atasimama mbele ya wananchi mara mbili kwa mwaka na kujibu. Hausemi kitu gani kitatokea akijibu vibaya, au akijibu uongo, au asipokuja. Swali lako la tatu. Watu ishirini na saba wanaolijua swali hilo kwa moyo, na hakuna hata mmoja aliyeliuliza. Walikuheshimu, wakaacha kukusikiliza.

Sijui kama mpango wa pili ni mbaya. Inawezekana ndio bora katika mitatu, na wakiuchunguza vizuri watarudi kopo lile lile. Hilo ni lao. Mimi nitakwenda na nusu niliyoificha.

Nimemwambia mhariri habari itakuwa nyingine, na mwandishi wake yumo ndani. Akauliza kama nina uhakika. Hassan anasema watu wanaweza kukasirika, wanaweza kuona nimekuchezea. Mama Tluway anasema wakikasirika nisikimbilie kwake, kisha akaniuliza nitakula nini siku hiyo.

Pumzika, Mwalimu. Goti halikuumi tena. Nakuahidi mambo mawili. Jina lako nitalitoa kwenye kile kipaza sauti kwa njia pekee iliyobaki, kwa kusema wazi lilifikaje pale. Na sitaandika tena nusu ya sentensi ya mtu, awe hai au amekufa.

Tunarudia kikao Gendabi Jumamosi hii, saa nne asubuhi, darasa la pili. Kabla Hassan hajafungua karatasi nitasimama mbele yao na kujibu kwa jina langu mwenyewe. Maswali yako matatu yatakuwa ubaoni, na Mzee Gidamis amekubali kuanza na lile la tatu. Mama Tluway ameshapukuchua mahindi mapya.

Zile punje ishirini na saba alizimwaga uani leo asubuhi. Kuku wamezimaliza.

Mwanafunzi wako wa Mbulu