Babu Bado Anakuulizia

Bibi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikanyamaza kama mjinga, nangoja uitikie. Na wewe hukuwa mtu wa kuitikia haraka. Uliniacha kwanza nitue mzigo, ukanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani kuona kama nimekonda, ndipo ukasema, "Marahaba mjukuu wangu, umekula?" Yote kwa pumzi moja, kama vile ni salamu moja tu.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa nyumbani Suji, kwenye kibaraza cha jikoni. Ni mchana, Babu amejilaza baada ya kula. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, ng'ombe wa jirani siwaoni ila nawasikia. Sijui hata kwa nini naandika. Labda ni kwa sababu ya Babu. Habari zake nikimweleza mtu mwingine inabidi nianze mbali sana, na wewe ndiye uliyekuwa unamjua.

Kwanza nikuambie ya siku ile, maana wewe hukuyaona.

Mama Nietiwe wa hapo jirani alikuja asubuhi kukuomba mbegu za maboga. Alikuta mlango wa jikoni wazi na chai inachemka inamwagikia moto. Akaita, kimya. Akazunguka nyuma, akashuka bustanini. Ulikuwa pale karibu na mfereji, kati ya magimbi na maharage, mnavu uliochuma umemwagika kando ya kikapu. Babu alikuwa amekaa chini kwenye tope, ubavuni mwako. Alikuwa amevua koti lake amekufunika nalo, na manyunyu yanamlowesha yeye. Mama Nietiwe alipopiga kelele, Babu aliweka kidole mdomoni. Akamwambia, "Taratibu, mama. Mwache apumzike. Ameamka mapema."

Mimi nilikuwa Same mjini, kwenye cherehani, nashona sare za shule. Simu ikaita, Mama Nietiwe. "Namkunda, panda nyumbani." Akakata. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, gari likakwama kabla ya kumaliza kona za mwanzo, tukashuka. Nilipanda kwa miguu, viatu mkononi, na njia nzima nilikuwa nakusemesha. Ningoje, Bibi. Ningoje tu nifike. Watu niliopishana nao walikuwa wananipa pole, na hapo ndipo nilipojua, lakini niliendelea kukuambia uningoje.

Tulikuzika kwenye shamba lako, upande ule unaotazama tambarare. Kina mama wa kwaya waliimba. Pale ambapo siku zote sauti yako ndiyo iliyoanza, walisita kidogo, wakatazamana, mmoja akajikaza akaanzisha, ikamkatikia. Watu wa mfereji waliacha zamu zao, maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, wakayaelekeza kwenye bustani yako siku zote za msiba, mboga zako zisikauke jua lilipotoka. Hakuna aliyewaomba.

Babu alivaa suti. Alisimama mlangoni akawapokea watu mmoja mmoja, akiwashukuru kwa kuja, akiwauliza habari za nyumbani kwao. Nilikuwa namtazama nikasema moyoni, mzee wetu amejikaza. Halafu akanivuta pembeni, akaninong'oneza sikioni: "Namkunda, hivi huu msiba ni wa nani?"

Bibi, ulitufichia. Sikulaumu. Tulijua kwamba Babu anasahau. Alikuwa anasahau kofia, anasahau kama amekunywa dawa, anamwita Mjomba Elia kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Lakini wewe ulikuwa na jibu kabla hajamaliza kutafuta. Alipokwama kwenye jina la mtu, ulilitaja wewe kama vile ndiye uliyekuwa unaongea. Alipotoka na viatu visivyofanana, ulicheka, ukamwinamia ukamvua kimoja. Shimo lilikuwa kubwa kiasi hicho na hatukujua, kwa sababu wewe ulikuwa umeliziba.

Baada ya msiba Mjomba Elia alisema Babu ashuke naye Same. Mama alikubali, wote tulikubali. Kule kuna hospitali karibu, kuna umeme usiokatika kila mvua ikinyesha, watoto wapo. Mjomba alimtayarishia chumba, akamnunulia kitanda kipya. Bibi, alimfanyia vyema, usimfikirie vibaya mwanao. Lakini Babu hakuliweza joto lile wala upepo wa vumbi, na kila saa alikuwa kwenye geti. Siku moja wakakuta geti liko wazi na yeye hayupo. Mjini pote walimtafuta. Walimpata kwenye barabara ya lami, anatembea juani kuelekea Makanya, malori yanampita kwa kishindo, fimbo mkononi. Mjomba aliposimamisha gari Babu alimkemea. "Unanishikilia huku wakati mama yako yuko peke yake mlimani!"

Mjomba alinisimulia hayo huku analia, mtu mzima yule. Kesho yake tukampandisha.

Mimi nikarudisha funguo za chumba changu Same. Cherehani ilipanda kwenye gari pamoja na magunia ya sukari ya duka la hapa juu. Mama alitaka abaki yeye, lakini mpunga wake kule Maore ulikuwa unahitaji kupandikizwa, na pia alikuwa hawezi. Akiingia jikoni kwako anasimama tu. Siku ile ya kugawana nguo zako hakutaka khanga wala kitenge. Aliomba kile kitambaa cha meza ulichokuwa unafuma, ambacho hukukimaliza, uzi wake na sindano ikiwa imechomekwa pale pale ulipoishia. Alikikunja akakiweka kifuani ndani ya blauzi kama mtu anayeficha mtoto asipigwe na baridi. Akaniambia, "Alinifundisha nikiwa mdogo, nikawa nakimbilia kucheza." Akashuka nacho Maore hivyo hivyo.

Basi tukabaki mimi na Babu.

Asubuhi ya kwanza aliamka, akaja jikoni, akatazama huku na huku. "Bibi yako yuko wapi?"

Nilimwambia ukweli. Ulinilea hivyo. Nilisema, "Babu, Bibi alifariki. Tulishamzika." Nilikuwa nimeshika sufuria, nimempa mgongo, kwa sababu nisingeweza kuyasema namtazama. Bibi, alilia kilio ambacho hata msibani hakukilia. Alishika nguzo ya mlango akateremka nayo mpaka chini. "Lini? Mbona hamkuniambia?" Alilia mpaka mchana, akachoka, akalala. Alipoamka akaja jikoni. "Bibi yako yuko wapi?"

Nikamwambia tena. Na tena siku iliyofuata. Kila mara kwake ilikuwa mara ya kwanza. Nilianza kuogopa kupambazuka. Nilikuwa naamka nasikia fimbo yake inagonga sakafu, najua kwamba naenda kumuulia mtu mke wake kwa mara nyingine.

Mama Nietiwe ndiye aliyesema, "Mwanangu, utamuua mzee. Mwambie tu yuko shambani."

Nikaanza kusema hivyo. "Yuko shambani, Babu." Uso wake ulivyofurahi! Anasema, "Huyo mwanamke hachoki," anachukua kigoda, anakaa mlangoni akutazamie. Mwanzoni niliona nimepata nafuu. Lakini alikuwa anakaa pale siku nzima, Bibi. Hasogei. Nikimpelekea makande anauliza kama wewe umeshakula, na nikisema bado, anarudisha kijiko kwenye sahani. "Tutamngoja." Makande yenyewe nilikuwa nimeyatwanga kwenye kinu chako mpaka viganja vikatoka malengelenge, kwa sababu ya dukani aliyakataa, alisema hayana ladha ya Mama Elia. Na hata hayo ya kwangu anaonja, anatikisa kichwa kwa upole, asiniudhi. Jua likianza kuzama anageuka kuwa na hasira. Mbona hujarudi? Nani amekuachia mzigo peke yako? Kwa nini nimekaa tu wakati Bibi yangu anahangaika?

Siku moja mvua ilimkuta pale mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma nakata majani ya ng'ombe. Niliporudi kigoda kitupu. Alikuwa amekwenda kukuchukua. Nilimkuta ameteleza ameangukia kwenye mfereji, goti limechubuka, maji yanampita kiunoni, na mkononi ameshika mwavuli wako ambao hata hakuufungua. Alikuwa anakuletea. Nilimbeba mgongoni. Ni mwepesi sana siku hizi, hungeamini. Njia nzima ananiambia, "Tumwache? Namkunda, tunamwacha kwenye mvua?"

Nilikosa cha kufanya, Bibi. Ukweli unamuua, na uongo nao nusura umzamishe. Nilikasirika. Nikuambie tu, nilikukasirikia wewe. Nilisimama pale ulipolala nikakuuliza, umeniachia nini hiki, mimi nitakiweza vipi? Nilikuwa sijakulilia bado. Watu walidhani nina moyo mgumu. Sikuwa na nafasi tu. Kuna kuni, kuna ng'ombe, kuna goti la Babu la kuosha kwa maji ya chumvi, kuna bustani yako inayoota magugu nikigeuka tu.

Sasa sikiliza hili, ndilo hasa nililokuwa nataka kukueleza.

Juzi mchana nilikuwa hapa kibarazani nachambua maharage. Jua lilikuwa limetoka. Babu akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti lake la suti, amechana nywele, sijui chanuo aliliona wapi. Alisimama mbele yangu. Akasema, "Mjukuu wangu, weka hiyo kazi chini."

Nikaweka ungo. Alikaa kwenye benchi, akanivuta nikae karibu naye, akachukua mkono wangu akauweka kati ya mikono yake miwili. Macho yalikuwa yake kabisa, yale ya zamani, ya wakati nikiwa mtoto.

"Namkunda," akasema, "nina habari si nzuri. Jikaze, mama."

Nilidhani anaumwa.

"Bibi yako amefariki," akasema. "Nimelijua hili siku nyingi. Nilikuwa nashindwa kukuambia, kwa sababu najua ulivyompenda, na kila siku unaniambia yuko shambani. Nikasema nikuache kwanza, mtoto usipate uchungu. Lakini si vizuri. Mtu lazima aambiwe."



"Hakuteseka," akasema. "Mimi nilikuwepo. Nilimshika mkono hivi hivi nilivyokushika wewe. Pole, mjukuu wangu. Pole sana."

Bibi, nililia. Kile kilio chote nilichokuwa nimekiweka huku na huku, kwenye kuni, kwenye kinu, kilitoka pale kwa mara moja, na sauti yenyewe sikuijua kama ni yangu. Mama Nietiwe aliisikia kwake akaja mbio, akasimama kwenye kona ya nyumba, akatuona, akarudi taratibu. Babu hakuniambia ninyamaze. Alinishika tu mkono. Alikuwa anasema, "Lia. Lia, mama. Mimi nipo." Akanifuta uso kwa mkono wa koti. Yeye, Bibi. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi.

Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Akasema ana njaa. Nikapakua makande, akala sahani yote bila kuuliza kama wewe umeshakula.

Najua unachotaka kuuliza. Hapana, haikudumu. Jana asubuhi fimbo ikagonga sakafu, akaja jikoni, akatazama huku na huku. "Bibi yako yuko wapi?"

Safari hii sikumpa mgongo. Niliepua sufuria, nikamkalisha kwenye benchi, nikachukua mkono wake kati ya mikono yangu. Nikamwambia, "Babu, nina habari si nzuri. Jikaze." Nikamwambia yote, polepole, kama alivyoniambia yeye. Kwamba hukuteseka. Kwamba alikuwepo, alikufunika na koti lake, hukuwa peke yako. Alilia, Bibi, na mimi nikalia naye. Lakini hakuteremka sakafuni. Baada ya muda akauliza, "Nilimfunika?" Nikasema, "Ulimfunika, Babu. Wewe ulilowa." Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Vizuri. Alikuwa hapendi baridi." Tukanywa chai.

Leo ameuliza tena, tumekaa tena. Kesho itakuwa hivyo hivyo. Nimeshajua kwamba sitapona haraka, kwa sababu nitakuwa nakupoteza kila asubuhi pamoja naye, na kuna siku nitachoka, nitatamani kusema tu uko shambani nikaendelee na kazi zangu. Nakukumbuka mpaka mwili unauma. Nakukumbuka pale pale ninapokuhitaji, na ninakuhitaji tangu naamka.

Lakini nakuahidi hivi, Bibi yangu. Babu hatafiwa na wewe akiwa peke yake hata siku moja. Kila atakapouliza nitakaa chini, nitamshika mkono, nitamwambia ukweli, na sitainuka mpaka amalize kulia.

Kwa heri, Bibi. Namsikia anaamka.

Mjukuu wako,
Namkunda