Jiwe la Mpaka Bustanini Kwangu

Jumanne, 21 Mei

Philippa Thorne amepita. Jumapili tunazunguka mpaka wa parokia na kuchapa mawe yake kwa fimbo — kama zamani, ati. Zamani ipi? Mimi nimezaliwa hapa Thistlecombe. Yeye kahamia juzi tu kutoka London, na tayari ni mwenyekiti wa Kamati ya Urithi. Ananifundisha utoto wangu! Nikamwambia zamani watoto waligongeshwa makalio kwenye mawe ili wasiusahau mpaka. Akasema watavaa helmeti. Makalioni?

Jumapili, 26 Mei

Watu wa kuhesabika, mbwa wawili, mtoto hakuna hata mmoja. Basi aliyegongeshwa ni Julian, mume wa Philippa. Mhasibu mzima, kashikwa mikono na miguu! Nilicheka hadi machozi.

Kisha wakaingia kwangu, maana mpaka unapita huku. Niliwaandalia chai na keki. Kati ya geti na mlango kuna jiwe, marehemu mume wangu Cyril alilikwangulia matope ya viatu maisha yake yote. Philippa akang'oa majani yaliyolitambalia, zikatokea herufi za kuchongwa. T ya Thistlecombe upande wa geti. N upande wa nyumba — N ya Nether Pell, parokia jirani. Wakalichapa, wakapiga picha, wakamaliza keki yangu. Hakuna aliyejiuliza nyumba imeangukia upande gani. Mimi nilijiuliza.

Jumatatu, 27 Mei

Maureen huyo, jirani yangu. Amepiga simu sijanywa hata chai. "Shoga, kumbe wewe wa Nether Pell! Ndiyo maana keki zako kavu." Nikamkatia. Nether Pell, watu wasiorudisha vyombo vya kuazima!

Akapiga tena, sauti chini. "Winnie, na kaburi je?"

Kaburi sikuwa nimelifikiria.

Alhamisi, 30 Mei

Nimemfuata Kasisi Giles. Nafasi za makaburi zimebaki chache, na kikao cha kanisa wakati wa baridi kiliamua ni za wakazi wa ndani ya mpaka tu. Wazo la Philippa. Mimi niliunga mkono kwa mikono miwili — tuliwalenga Nether Pell! Lakini nafasi ya ubavuni mwa Cyril niliahidiwa siku ya mazishi yake.

Kasisi akakuna kichwa. "Bi Winnie, mimi ningekuzika hata kesho."

Asante sana.

"Ila Philippa keshatangaza gazetini. Lile jiwe limekaa pale miaka na miaka."

Nikamjibu, jiwe halijafiwa na mume.

Nyumbani nikamkuta Philippa anazungushia jiwe kamba. Nikamwuliza mimi nitazikwa wapi. Akanishika mkono. "Bi Winnie, hebu fikiria heshima yake, mpaka wa kihistoria mlangoni kwako!"

Miaka yote ya ndoa nililalamika Cyril anakoroma. Sasa nalilia kulala kando yake. Naogopa. Haya, nimeshaandika.

Jumapili, 2 Juni

Kanisani sikwenda. Wote wako huko, ndiyo uzuri wake. Mtaimbo wa Cyril, toroli, na kiuno changu kibovu. Jiwe limetoka nusu, limeegama kama mlevi. Nalipeleka uani, nyuma ya banda la kuku. T iitazame nyumba yangu, N iwatazame wenyewe wa Nether Pell.

Nikasikia geti. Kasisi Giles! Ibada imekwisha, amekuja kuuliza kama naumwa. Akatazama jiwe. Akatazama shimo. Akatazama toroli. Nikasubiri mahubiri.

Akauliza, "Philippa anakuja saa ngapi?"

Nikamwambia wakati wowote, tena na mpiga picha wa gazeti.

Nimeingia kuteleka birika, ndipo naandika. Dirishani namwona Kasisi. Amevua koti, anakunja mikono ya shati. Mtaimbo hajaugusa, ila toroli keshalisogeza hadi kwenye jiwe. Na kule konani, sauti ya Philippa hiyo, anamweleza mtu habari za urithi —