Gari la Mjomba Ismaili

Ijumaa, 7 Juni
Ukungu tangu asubuhi. Uchaguzi mdogo wa diwani ni keshokutwa, darasani hakuna anayemsikiliza mwalimu — simu chini ya meza. Habari zote tunazipata kwenye grupu la chuo. Leo Zuberi, admin wetu, katuma sauti ya mtu asiyejulikana: eti kura feki zinaletwa kwa gari. Husna, ninayekaa naye chumba kimoja, kauliza nani kathibitisha. Wakamcheka. Mmoja akamwita chawa wa wakubwa.

Jumamosi, 8 Juni
Mchana ikaingia picha: pikapu nyeupe, makasha chini ya turubai. Zuberi kaandika: hizo hapo, zisipite! Husna akaganda. Ni gari la mjomba wake Ismaili wa Vuga, anapeleka nyanya Muheza. Akaandika: jamani, ni nyanya, ni mjomba wangu! Ujumbe ukafutwa. Akaandika tena — akatolewa kwenye grupu. Mjomba hapokei simu.
Kisha video, mubashara, kutoka barabara ya hapa chuoni. Tumeiona kitandani, mimi na Husna, kwenye simu yangu. Paskali, tunayekaa naye dawati moja, anamvuta mzee kwa kola kupitia dirisha la gari. Tofali. Tofali jingine. Mzee anasema kitu kwa Kishambaa, halafu hasemi tena. Turubai likafunuliwa — nyanya. Nyanya tupu! Nikajua wataacha. Mtu akapiga kelele kwamba kura ziko chini yake. Wakaendelea kumpiga. Na vikopakopa vyekundu vinapanda kwenye skrini, watu wanapenda!
Tulikimbia mpaka pale barabarani. Alishapelekwa hospitali. Lami nyekundu. Sikuweza kujua ipi ni damu, ipi ni nyanya.

Jumapili, 9 Juni
Yuko hai! Taya limevunjika, limefungwa kwa waya. Jicho moja limekwenda. Husna anamnywesha uji kwa mrija. Zuberi kafuta kila kitu kwenye grupu. Hakuandika hata pole.

Jumatatu, 10 Juni
Naandika haraka. Zuberi yuko chini ya kitanda changu.
Vijana wa Vuga nao wana grupu lao. Asubuhi wametumiwa ujumbe kwamba mzee Ismaili kafa, chuo kinaficha maiti. Wamekuja na pikipiki, mapanga mkononi. Bweni la wavulana madirisha yote chini. Paskali kakatwa mkono. Nimemsikia akimwita mama yake, mpaka sasa namsikia.
Zuberi kakimbilia huku tulikopanga, analia. Nikasema asiingie. Husna ndiye kamfungulia! Kasema: wakimuua, watakaofungwa ni ndugu zangu.
Sasa wako uani. Mbele ni Kassimu, mtoto wa mzee, katoka Muheza leo. Husna katoka peke yake, kajitanda kanga. Nachungulia kwenye ufa wa mlango.
Anamwambia: kaka Kassimu, baba mzima, nimemnywesha uji mimi mwenyewe.
Kassimu anasema maiti kaiona.
Umeiona wapi, kaka?
Anamsogezea simu usoni. Husna anasema huyo si yeye, mwangalie vizuri! Kofi. Kaanguka. Kanyanyuka, karudi kusimama mlangoni. Mgongo wake unagusa mbao, nausikia.
Zuberi ananiuliza kwa kunong'ona nani katuma hiyo picha.
Kassimu kashusha panga kidogo. Anasema: basi mpigie. Niisikie sauti yake, niondoke.
Husna kaishika simu, hapigi.
Mzee hawezi kusema, taya limefungwa kwa waya —